Juu ya nini muuguzi anaangalia kifua cha mtoto hata kama mashini inaonyesha kwamba anapumua

Ndani ya chumba cha watoto wachanga, kwenye hospitali zilizo na vyombo, kuna mashini yenye kioo na mistari inayotembea. Mstari mmoja ni wa moyo. Mwingine ni wa oksijeni. Na mwingine, mara nyingi ule wa chini, ni wa pumzi, na pembeni yake kuna namba: 48, 52, 61. Mama aliyekaa karibu na kuvezi anaangalia ile namba na roho yake inatulia. Lakini inaweza kutokea kwamba mtoto ameacha kupumua, na namba ya pumzi inaendelea kuandikwa, pengine hata imepanda. Mashini haijaharibika. Imehesabu kitu kingine: moyo.

Jambo hilo linajulikana na waganga pamoja na mainjinia tangu miaka mingi, na bado halijaisha kabisa. Kwa wazazi wenye mtoto aliyezaliwa kabla ya miezi kutimia, wale watoto ambao wengi wanaita prematire, linafaa kueleweka, juu linaonyesha ni wapi mtu anaweza kuamini mashini na ni wapi jicho la mtu bado lina kazi.

Umeme mdogo unaopita kifuani

Watu wengi wanafikiri mashini inapima hewa inayoingia puani. Hapana. Mtoto amebandikwa vibandiko vitatu kwenye kifua na tumbo, kila kimoja na waya wake, na vibandiko hivyo vinafanya kazi mbili kwa mara moja. Kazi ya kwanza ni kusikiliza umeme ambao moyo wenyewe unatoa kila ukipiga. Ndiyo inaleta ule mstari wenye ncha kali ambao waganga wanaita ECG. Kwa kazi ya pili, mashini yenyewe inatuma umeme mdogo sana kutoka kibandiko kimoja hadi kingine, kisha inapima namna mwili unavyouzuia kupita.

Umeme huo uko chini ya miliampea moja, na unageuka mwelekeo makumi ya maelfu ya mara kwa kila sekunde. Kwa mwendo huo, mishipa ya fahamu na misuli haiwezi kuufuata, kwa hiyo mtoto hasikii kitu. Sasa, hewa haipitishi umeme vizuri. Damu, yenye maji na chumvi, inaupitisha. Mtoto akivuta pumzi, mapafu yanajaa hewa na njia ya umeme inakuwa ngumu zaidi; akitoa pumzi, njia inafunguka tena. Kizuizi hicho wanakiita impedansi, na kinapimwa kwa om. Mashini inachora kupanda na kushuka kwake, na kila kilima inakihesabu kuwa pumzi moja. Si njia ya leo: katika miaka ya 1960 Wamarekani waliitumia kufuata pumzi za wanaanga wao, watu ambao hakuna muuguzi aliyeweza kuweka mkono kwenye kifua chao.

Shida ni kwamba kinachotafutwa ni kidogo mno. Kifua pamoja na vibandiko vinaleta kizuizi cha mamia ya om. Pumzi moja inakibadilisha kwa karibu om moja, na mara nyingi ni chini ya hapo. Sawa vile mtu anapima gunia la unga la kilo 50 na anataka mizani imwambie wakati gani kimetolewa kiganja kimoja.

Na moyo nao unaingia ndani ya hesabu ile ile. Kila ukipiga, damu inasukumwa kwenye mishipa mikubwa ya kifua na ndani ya mapafu, na kwa sababu damu inapitisha umeme, kizuizi kinacheza kidogo. Kidogo tu, sehemu ya om moja. Kwa mtu mzima anayepumua kwa nguvu, mchezo huo wa moyo unaonekana kama meno madogo juu ya mgongo wa kilima kikubwa. Hakuna anayeuchanganya na pumzi. Lakini kwa mtoto wa kilo moja na nusu, mwenye pumzi fupi zisizojaza kifua, kilima cha pumzi na jino la moyo vinaweza kukaribiana urefu.

Vituo viwili kwenye masafa ya karibu

Msikilizaji yeyote wa FM anajua namna redio inavyochagua. Kama vituo viwili viko mbali kwenye masafa, unageuza tu na unapata kile unachotaka. Vikikaribiana, habari zinasomwa huku chini yake kunaimba kituo jirani. Mashini ya hospitali inafanya kazi namna hiyo. Haijui pumzi ni nini wala moyo ni nini. Inajua tu mawimbi ya polepole na mawimbi ya haraka. Kwa hiyo mainjinia waliiwekea chujio: acha ya polepole yapite, zuia ya haraka.

Kwa mtu mzima aliyepumzika, chujio hicho kinafanya kazi nzuri. Anapumua mara 12 hadi 20 kwa dakika, na moyo wake unapiga mara 60 hadi 100. Vituo viko mbali. Hata hapo usafi si kamili, juu wimbi la pumzi si la mviringo: hewa inaingia haraka na inatoka polepole, na wimbi la namna hiyo linaacha mwangwi kwenye masafa ya mara mbili na mara tatu. Mtu anayepumua mara 20 kwa dakika anaacha mwangwi kwenye 40 na kwenye 60, na 60 ni moyo wa mtu aliyelala. Lakini hayo si ya kuogopesha.

Kwa mtoto mchanga, hesabu ni tofauti. Pumzi ya kawaida ni 40 hadi 60 kwa dakika, moyo 120 hadi 160. Kwenye karatasi nafasi bado ipo. Ila mtoto mwenye shida ya mapafu anaweza kupumua mara 80, hata 100. Na moyo wa mtoto aliyekosa oksijeni haubaki kwenye 140. Unashuka chini ya 100, pengine chini ya 80. Ni kusema vituo viwili vinatembea kila kimoja kuelekea mwenzake, mpaka vinakutana pahali pamoja. Na chujio lililowekwa kuruhusu pumzi 80 zipite haliwezi kuzuia moyo unaopiga 80.

Kinachofanya jambo hili kuwa baya ni wakati linapotokea. Si wakati mtoto anapumua vizuri, bali wakati amesimama kupumua.

Pale mstari unapodanganya

Watoto waliozaliwa mapema mno wana sehemu ya ubongo inayoongoza pumzi ambayo haijakomaa. Karibu wote waliozaliwa kabla ya wiki ya 28 ya mimba wanapata nyakati za kuacha kupumua. Kusimama kwa sekunde 5 ama 10 kisha kupumua haraka haraka ni jambo linaloonekana sana na peke yake halitishi. Waganga wanaita apnea pale pumzi inaposimama sekunde 20 ama zaidi, ama hata chini ya hapo lakini moyo unapunguza mwendo au oksijeni inashuka.

Basi fuata kinachopita kwenye mashini. Pumzi inasimama. Vilima vikubwa vinatoweka. Mashini nyingi zimewekwa zijirekebishe zenyewe: zikiona mawimbi yamekuwa madogo, zinashusha kiwango cha kuhesabu ili zisikose pumzi fupi za mtoto dhaifu. Nia ni njema. Lakini kwenye mstari uliobaki, mawimbi madogo yaliyopo ni ya moyo peke yake. Mashini inayaona, inayakubali, inayahesabu. Moyo umeshuka hadi 90, na kwenye nafasi ya pumzi kunaandikwa karibu 90. Alarmu ya apnea, ambayo inangoja sekunde 20 bila pumzi, hailii. Kwake, mtoto anapumua tena kwa haraka.

Bahati nzuri, mashini ina milango mingine. Alarmu ya moyo kushuka inaweza kulia, na ile ya oksijeni pia. Lakini oksijeni inashuka kwa kuchelewa: damu iliyo na oksijeni inachukua muda kumalizika, na kipimo kilichofungwa kwenye mguu kinahitaji sekunde nyingine kuandika. Kwa mtoto mdogo, sekunde hizo zina bei.

Watengenezaji hawakulala. Kuna mashini zinazolinganisha namba mbili, na zikiona pumzi na moyo vimekuwa karibu sawa, zinaleta onyo. Ni ujanja mzuri na wa bei ndogo, ingawa unafanya kazi tu pale namba hizo zinapokaribiana kweli. Kuna nyingine zinazomwachia muuguzi kuweka mwenyewe kiwango cha kuhesabu: juu ya meno ya moyo, chini ya vilima vya pumzi. Akikiweka chini mno, moyo unahesabiwa kuwa pumzi. Akikiweka juu mno, pumzi fupi za kweli hazihesabiwi na alarmu inalia bure usiku kucha. Na alarmu inayolia bure si jambo dogo. Muuguzi mmoja mwenye watoto kumi, aliyekimbia mara tano bila sababu, mara ya sita anatembea. Hapo si uvivu, ni namna mwanadamu alivyo.

Moyo wenyewe kuwa saa

Suluhisho moja zuri lilitoka Marekani, kwenye Chuo Kikuu cha Virginia, ambako waganga wa watoto walikaa pamoja na watu wa fizikia na hesabu. Kazi yao juu ya apnea ya watoto wachanga ilitoka mwaka 2012 katika jarida la Physiological Measurement, na wazo lake linaweza kuelezwa bila hesabu yoyote.

Shida ya chujio la kawaida ni kwamba moyo hautulii pahali pamoja. Unapiga 150, unashuka 110, unapanda 130, yote ndani ya dakika moja. Ukikata masafa ya 150, moyo umeshatoka hapo. Ukikata eneo kubwa, unakata na pumzi. Lakini vile vibandiko vitatu, kwa kazi yao ya kwanza, vinasema wazi kila pigo la moyo limetokea wakati gani. Ile ncha kali ya ECG haikosei kirahisi. Kwa nini basi kupima kwa sekunde? Watafiti wale waliacha saa ya ukutani na wakachukua moyo kuwa saa.

Chukua mstari wa kifua kama utepe wa mpira. Pale mapigo yamebanana, utepe unavutwa. Pale yamekaa mbali, unabanwa, mpaka kila pigo linachukua urefu ule ule. Kwenye utepe huo mpya, moyo hauna tena pa kukimbilia: unatokea mara moja kwa kila pigo, daima, hata kama kweli ulikuwa unapiga 150 kisha 80. Sasa chujio jembamba linaweza kuukata pale pale, pamoja na mwangwi wake. Kisha utepe unarudishwa kwenye urefu wake wa sekunde. Kinachobaki ni pumzi. Na kama hakuna kinachobaki, kama mstari umelala, kompyuta inatoa uwezekano kwamba mtoto amesimama kupumua.

Ni wazo la akili kwa sababu moja hasa: linatumia kitu ambacho mashini ilikuwa nacho tayari. Hakuna waya mpya, hakuna kibandiko cha ziada. Lakini nalo lina mpaka. Mtoto akijinyonga-nyonga, kifua kinatikisa umeme kuliko pumzi na moyo pamoja. Na pale pumzi na moyo vinapokwenda kweli kwa hatua moja, kukata kimoja ni kukata na kingine.

Takataka ya mmoja ni mali ya mwingine

Kuna waganga wanaotafuta kinyume. Kwao, yale meno madogo ya moyo ndiyo dhahabu, na kilima cha pumzi ndicho uchafu. Mwaka 1966 William Kubicek na wenzake huko Minnesota, Marekani, walieleza namna ya kukadiria kiasi cha damu ambacho moyo unasukuma kwa kupima impedansi ya kifua, bila kuingiza mrija wowote mwilini. Kwa mtu anayeelewa, njia rahisi ya kuondoa pumzi ni kumwomba azuie pumzi kwa muda kidogo. Kwa mwingine, mashini inachukua mapigo mengi, inayapanga yote yaanzie kwenye ncha ya ECG, kisha inatafuta wastani. Pumzi, kwa kuwa haianzi pamoja na moyo, inajifuta yenyewe.

Na huko Sheffield, Uingereza, katika miaka ya 1980, David Barber na Brian Brown walikwenda mbali zaidi: vibandiko 16 kuzunguka kifua kama mkanda, na kompyuta inayochora picha ya hewa ndani ya mapafu. Leo mikanda ya namna hiyo inatumika kwenye vyumba vya wagonjwa mahututi katika nchi zenye uwezo. Munganga anaona pafu gani linapata hewa. Angependa kuona pia ni wapi damu inapita, na hapo anakutana na ugomvi ule ule wa pumzi na moyo, mara hii kwenye kila kona ya picha.

Kifua kinatembea, hewa haipiti

Iko shida moja ambayo kutenganisha pumzi na moyo hakuigusi hata kidogo. Mashini inapima kifua, si hewa. Mtoto ambaye shingo yake imekunjwa vibaya, ama ameziba koo kwa maziwa, anaweza kupigana apumue: kifua kinapanda, tumbo linapanda, umeme unacheza, na namba inaandikwa vizuri kabisa. Hewa haiingii. Mashini itaita hizo pumzi. Hapo kinachosema kweli ni oksijeni inayoshuka na rangi ya mtoto, zaidi sana midomo na ulimi.

Ndiyo maana katika mikoa ya mashariki, ambako hospitali moja inaweza kuwa na mashini moja kwa watoto kadhaa, ama kipimo cha oksijeni peke yake, na ambako umeme unakatika wakati grupe bado haijawashwa, hali si ya kukata tamaa kama inavyodhaniwa. Kipimo kidogo cha oksijeni hakihesabu pumzi, lakini pia hakidanganyi juu ya pumzi. Penye mashini kamili, kazi ndogo zinabadilisha mengi. Kibandiko kilichokauka kinaongeza kelele kwenye mstari, kwa hiyo kinabadilishwa kabla hakijaanguka chenyewe. Vibandiko viwili vinavyopima pumzi vinawekwa kimoja kila upande, kwa mshazari, na msitari wa kufikirika kati yao usipite juu ya moyo wala juu ya ini. Hilo peke yake linapunguza meno ya moyo. Na namba ya pumzi ikianza kufanana na ile ya moyo, muuguzi haangalii kioo tena. Anaangalia kifua.

Kwa mtoto aliyeacha kupumua, mara nyingi jambo la kwanza linalofanywa ni dogo: kunyoosha kichwa vizuri na kusugua mgongo ama nyayo. Wengi wanaanza tena hapo hapo. Asiyeanza anasaidiwa kwa puto na maski. Kwa wale wanaorudia rudia, waganga wanatoa dawa ya kafeini, ndugu ya ile iliyo ndani ya kahawa, ambayo inaamsha ile sehemu ya ubongo iliyochelewa kukomaa. Mama anayembeba mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, ana nafasi ambayo hakuna waya unaoipata: anasikia pumzi kwenye ngozi yake. Akisema kwa muuguzi kwamba mtoto amenyamaza, inafaa asikilizwe hata kama kioo kinaandika 70.

Kwenye kituo cha afya kisicho na mashini yoyote, muuguzi anahesabu kwa macho na saa, mtoto akiwa ametulia, kifua kimefunuliwa. Anahesabu dakika moja nzima, si sekunde 15 mara nne, kwa sababu pumzi ya mtoto mchanga haina mwendo mmoja: inakimbia, inasimama kidogo, inakimbia tena. Kwa mtoto wa chini ya miezi 2, akipata 60 ama zaidi, anahesabu mara ya pili. Ikibaki 60 ama zaidi, hiyo ni pumzi ya haraka, na mtoto anatumwa hospitali.